Hana maneno, lakini ajua kikombe hiki si cha chai

Je, mtu mzima asiyeweza kusema wala kuhesabu aweza kufundishwa vyombo vya Misa? Kutoka Lodwar hadi Kakuma, swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Wahenga walinena kuwa akili nyingi huondoa maarifa. Methali hiyo twaitumia kumkanya mjuaji, lakini ni mara chache tunaigeuza na kuutazama upande wake wa pili. Je, mtu mwenye akili haba aweza kuwa na maarifa? Na kama anayo, tutayatambuaje ilhali hana maneno ya kuyaeleza?

Hilo si swali la mdahalo wa shuleni. Kwa familia ya Kikatoliki inayoishi na mtu mzima mwenye ulemavu mkubwa wa akili, swali hilo hurudi kila Jumapili. Waumini wanapopanga foleni kwenda kukomunika, yeye aende nao au abaki ameketi? Mama amshike mkono amwongoze, au amzuie? Padre ampe hostia, au amwekee mkono kichwani, ambariki na kumpitisha?

Mara nyingi jibu hutolewa haraka na mtu aliye karibu: "Huyu haelewi." Kwa maneno hayo mawili jambo limekwisha. Mwaka huu anapitishwa, mwaka ujao anapitishwa tena, na baadaye watu wa nyumbani huona heri abaki nyumbani na mtu wa kumtunza. Hivyo ndivyo mtu anavyotoka kanisani bila kufukuzwa na yeyote.

Lakini iko njia nyingine. Ni njia ya polepole, haihitaji fedha nyingi, na huanza kwa kumwekea mtu kitu mkononi.

TUNAMZUNGUMZIA NANI?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu yeyote aliyekuwa mzima, na mara nyingi una matibabu. Ulemavu wa akili ni hali ambayo uwezo wa kujifunza, kukumbuka na kujitunza haukukua kama kawaida tangu utotoni. Hauondolewi kwa dawa, lakini mafunzo huweza kuyabadilisha sana maisha ya mhusika. Mwenye ulemavu mkubwa huenda akawa na maneno machache tu, au asiwe na neno lolote, na huhitaji msaada wa kuoga, kuvaa na kula.

Vyanzo vyake ni vingi. Kuna hali za kuzaliwa nazo kama ile ya Down. Kuna watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, waliopatwa na malaria ikapanda kichwani, au walionusurika homa ya uti wa mgongo. Mahali ambapo hospitali iko mbali na barabara ni mbovu, hatari hizo huwa kubwa zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo laana au adhabu ya makosa ya mzazi.

Sensa ya mwaka 2019 ilipata zaidi ya watu 212,000 nchini Kenya, wenye umri wa miaka 5 na zaidi, waliokuwa na matatizo ya kukumbuka au kumakinika. Si wote walio na ulemavu tunaouzungumzia hapa, lakini hesabu hiyo yatosha kutuonyesha kuwa jambo hili si la nyumba moja mbili. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa jina lisilomshushia hadhi. Kwa hiyo maneno kama "punguani" na "zuzu" tuyaache nje ya mlango, hasa mlango wa kanisa.

SHERIA YA KANISA YASEMAJE?

Wengi hudhani kuwa Kanisa Katoliki limewafungia mlango watu hawa. Ukisoma sheria zake utaona mambo si hivyo.

Zamani, watoto wa Kanisa la magharibi walikawia sana kabla ya kupewa komunyo ya kwanza. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliushusha umri huo hadi miaka 7 hivi, akataka mtoto aweze tu kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, na kuupokea kwa heshima kadiri ya umri wake. Hakudai mtoto ajue theolojia.

Sheria za Kanisa zilizotolewa mwaka 1983, katika kanuni ya 777, zinamwagiza paroko ahakikishe kuwa wenye ulemavu wa mwili au wa akili nao wanapata mafundisho ya dini, kadiri hali yao inavyoruhusu. Msomaji aone hapo kuwa paroko hakuachiwa achague kama atapenda. Ni wajibu wake.

Mwaka 1995 maaskofu wa Marekani walitoa mwongozo kuhusu sakramenti na walemavu. Walieleza kuwa kipimo ni kuutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida, hata kama mtu anaonyesha hivyo kwa ishara, kwa mwenendo wake, au kwa kunyamaza kwa heshima badala ya kusema. Mwaka 2007 Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliandika kuwa wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kupata kipaimara wapewe Ekaristi kila inapowezekana, kwa sababu wanaipokea pia katika imani ya familia au jumuiya inayowasindikiza. Na mwongozo wa katekesi uliotolewa na Vatikani mwaka 2020 ulisema wazi kuwa hakuna awezaye kuwanyima watu wenye ulemavu sakramenti.

Hata hivyo, wenye wasiwasi nao wana hoja. Kuna padre anayeogopa kuwa hostia itatemwa sakafuni. Kuna katekista anayesema kuwa ubatizo unamtosha mtu asiye na dhambi ya kutubu, basi ya nini kumsumbua? Hizo si hoja za watu wabaya. Ni hoja za watu wanaokiheshimu kitu kitakatifu. Lakini hoja ya kwanza hujibiwa kwa mazoezi. Ya pili hujibiwa kwa kumtazama mtu mwenyewe pale anaponyoosha mkono naye apewe, kisha anyimwe.

Basi kazi iliyobaki ni ya mwalimu. Ikiwa kipimo ni kutofautisha, tutamfundishaje mtu asiye na maneno kuwa kikombe hiki si cha chai, na mkate huu si wa kiamsha kinywa?

KITU KABLA YA NENO

Jibu lina historia ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Katika karne ya 19 daktari Mfaransa aitwaye Édouard Séguin alionyesha kuwa watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wakati huo walifungiwa tu, waliweza kujifunza kwa kushika, kuonja, kunusa na kutenda. Alifundisha kwa hatua tatu. Kwanza mwalimu anaonyesha kitu na kukitaja: hiki ni kikombe. Pili anaomba: nipe kikombe. Tatu anauliza: hiki ni nini?

Maria Montessori, daktari wa Italia, aliichukua njia hiyo, akaitumia kwanza kwa watoto wenye ulemavu mjini Roma. Mwaka 1907 alifungua nyumba yake ya watoto mjini humo, na njia hiyo ikaenea duniani. Wazazi wa mjini wanaolipa karo kubwa katika shule za chekechea zenye jina la Montessori huenda hawajui kuwa sehemu ya mafunzo hayo ilianzia kwa watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki. Mwaka 1954, pia mjini Roma, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi walianza kuwafundisha watoto dini kwa njia hiyo hiyo, wakitumia altare ndogo, kalisi ndogo na vinara vidogo ambavyo mtoto aliweza kuvipanga mwenyewe.

Kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa, hatua ya tatu ya Séguin huenda isifike kamwe. Hatasema "hiki ni kikombe." Lakini akikupa kikombe unapokiomba, au akikisogelea kikombe chenyewe na kuacha vitu vingine, amekwisha kukujibu.

Uholanzi nako, katika miaka ya 1960, Jan van Dijk aliyewafundisha watoto wasioona wala kusikia alisisitiza kitu kutumika mahali pa neno. Kijiko kikiwekwa mkononi kabla ya kila mlo, baada ya muda kijiko chenyewe husema "twende tukale." Taulo husema "twende tukaoge."

Sasa tafakari kidogo, msomaji. Je, Misa ya Wakatoliki siyo ibada iliyojaa vitu vinavyosema? Mshumaa, maji, mafuta, ubani, kengele, kitambaa cheupe, mkate, divai. Mtu mwenye maneno mengi aweza kuvipita bila kuviona, kwa kuwa masikio yake yako kwenye mahubiri. Asiye na maneno hana kingine cha kushika ila hivyo. Ibada hiyo ina lugha mbili, na moja kati yake ni lugha anayoweza kuijua.

MAJI, MAFUTA NA MATAWI YA MKOMA

Tuingie sasa Turkana. Kaunti hiyo ya kaskazini-magharibi, iliyohesabiwa watu 926,976 mwaka 2019, ni nchi ya joto na ukame, ya ngamia, mbuzi na mito ya msimu ambayo watu huiita laga. Mji wake mkuu, Lodwar, uko kando ya mto Turkwel. Wamisionari Wakatoliki waliingia huko mwaka 1961 wakati wa njaa kali. Mwaka 1978 Lodwar ikawa jimbo kamili, na askofu wake wa kwanza alikuwa John Mahon, wa Shirika la Mtakatifu Patrisi la Kiltegan, Ireland. Leo, juu ya kilima kinachoutazama mji, imesimama sanamu kubwa ya Yesu aliyenyoosha mikono. Hata asiyesoma anaiona.

Wamisionari wa siku hizo walikuja na katekisimu ya maswali na majibu ya kukariri. Waturkana walikuwa na njia yao ya kujifunza mambo ya Akuj, yaani Mungu. Katika akiriket, mkutano wa dhabihu, wazee huketi kwa mpangilio wa marika yao na nyama hugawanywa kwa utaratibu. Maana ya shughuli hiyo hujulikana kwa kuwapo, kutazama, kupewa fungu na kujua mahali pako, wala si kwa kufanya mtihani. Katekista wa Lodwar anayemfundisha mtu mwenye ulemavu wa akili kwa vitu na matendo hajaleta jambo geni. Pengine yuko karibu zaidi na wazee wa zamani kuliko yule mwenye kitabu cha maswali.

Na vitu vyenyewe viko karibu. Chukua maji, ambayo Waturkana huyaita ngakipi. Mahali ambapo akina mama huchimba mchanga wa laga ili wapate ndoo moja, hakuna haja ya kumweleza mtu kuwa maji ni uhai. Mfundishaji haitaji beseni zima. Matone machache kiganjani, kisha kidole kwenye paji la uso, kisha ishara ya msalaba, tena mahali pale pale pa kuingilia kanisani kila Jumapili. Baada ya miezi, mkono hutangulia wenyewe kuelekea kwenye chombo cha maji ya baraka.

Chukua mafuta. Ngozi ya Turkana hukauka, na mafuta ya mifugo yamepakwa mwilini tangu zamani. Kanisa nalo lina mafuta matatu matakatifu: ya wakatekumeni, ya wagonjwa na ya Krisma. Krisma huchanganywa na balsamu, hivyo ina harufu yake ya pekee. Pua ya mtu asiyesema hukumbuka harufu vizuri sana. Akinusishwa mafuta mazuri siku kadhaa kabla ya kipaimara chake, siku yenyewe hatashtuka.

Chukua mkoma, ule mti wa jamii ya mtende unaoota kando ya mito, ambao majani yake wanawake wa Turkana husuka vikapu. Jumapili ya Matawi mtu huyo hapewi kitu cha ajabu. Anapewa jani analolijua tangu utotoni, mara hii alipunge pamoja na wengine wote wakiandamana. Maana ya sikukuu ameishika mkononi.

Chukua hata ekicholong, kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho, akikikalia mchana na kukifanya mto wa kichwa usiku. Vigoda vyaweza kufanana, lakini hiki ni cha baba. Mtu aliyezoea jambo hilo amekwisha kupata mwanzo wa neno "kitakatifu", kwa maana kitakatifu ni kilichotengwa kwa ajili ya mmoja. Kikombe cha chai ni chetu sote. Kalisi imetengwa.

SOMO MOJA LA KALISI

Tuseme kuna mwanamume wa miaka 35 asiyesema, anayependa kushika vitu vinavyong'aa. Somo lake laweza kwenda hivi.

Kwanza, mahali na saa visibadilike. Mchana wa Lodwar joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, basi asubuhi mapema ni bora. Dakika 15 zatosha. Mfundishaji awe yule yule, na maneno yawe yale yale, machache, katika lugha anayoisikia nyumbani.

Pili, mezani viwekwe vitu viwili tu: kikombe cha bati cha chai na kalisi. Kwa mazoezi hutumiwa kikombe cha mfano, na kalisi ya kweli huonyeshwa kwa ruhusa ya padre. Kikombe cha bati hutiwa chai, akanywa. Kalisi huinuliwa kwa mikono miwili, watu wakanyamaza, ikawekwa juu ya kitambaa cheupe. Hakuna anayekunywa chai kwayo, hata kwa mzaha.

Tatu, naye apewe nafasi. Mfundishaji aweke mkono wake chini ya mkono wa mwanafunzi, asiukamate kwa juu. Tofauti ni kubwa: mkono ulio juu waweza kujiondoa wakati wowote. Akijiondoa, somo la leo limekwisha, na hakuna kugombezwa.

Nne, kazi igawanywe vipande. Kupokea komunyo, kwa mfano, ni kusimama, kutembea kwenye foleni, kungoja, kufungua kinywa au kunyoosha kiganja, kula, na kurudi mahali pako. Kila kipande kina mazoezi yake. Walimu wengi huanza na kipande cha mwisho, ili mwanafunzi kila mara amalize akiwa amefaulu.

Tano, hostia ambayo haijawekwa wakfu itumiwe kumzoesha ladha yake, kwa maana ni kavu na hunata kwenye kaakaa. Mazoezi hayo yafanywe mbali na Misa, na kwa utulivu, ili asichanganye mambo. Wenye matatizo ya kumeza wapewe kipande kidogo sana. Na asiyeweza kabisa kumeza kitu kikavu, sheria ya Kanisa inaruhusu, kwa lazima hiyo, akomunike kwa divai peke yake.

Yote haya hayafanyiki kwa wiki moja. Haba na haba hujaza kibaba. Na dalili za kufaulu si kubwa. Huenda ikawa ni kunyamaza tu kengele inapolia, kwa mtu ambaye kwa kawaida hanyamazi. Huenda ikawa ni kukataa kuweka kikombe cha chai juu ya kitambaa cheupe. Mfundishaji aziandike dalili hizo kwenye daftari na kumwonyesha padre. Daftari hilo ndilo litakalosema mahali pa kinywa.

MTU MZIMA SI MTOTO

Kuna kosa ambalo hata watu wema hulifanya. Kwa kuwa mtu huyu hujifunza polepole, humweka pamoja na watoto wa miaka 7 wa komunyo ya kwanza, wakamwimbia nyimbo za watoto na kumpapasa mashavu. Lakini yeye ana ndevu. Amezika wazazi, ameona njaa na mafuriko, na ana wapwa wanaomwita mjomba. Akili yake imechelewa, maisha yake hayakuchelewa.

Basi aitwe kwa heshima ya umri wake: mjomba, shangazi, kaka, dada. Apewe kazi ya mtu mzima. Kubeba mkate katika maandamano ya vipaji, kutandika kitambaa cha altare, kufagia sakristia, kugonga kengele. Mtu anayekitunza kitu hukijua kuliko anayeelezwa habari zake.

Aidha, si kila chombo kitamfaa kila mtu. Moshi wa ubani humkera mwenye pumu. Kengele ya ghafla yaweza kumtia hofu asiyependa kelele. Mshumaa unaowaka haufai kushikwa na mwenye kifafa bila mtu kando yake. Misa ya saa tatu chini ya mabati ni ngumu hata kwetu, seuze yeye. Aketi karibu na mlango, awe na maji ya kunywa, na aruhusiwe kutoka na kurudi.

KAKUMA: LUGHA NYINGI, MSHUMAA MMOJA

Ukitoka Lodwar na kuifuata barabara kuu ya kaskazini kwa kilomita 120 hivi, unafika Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan. Tangu hapo wamekuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, hata wakazi wakapita laki mbili.

Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, ukimbizi ni pigo mara mbili. Yeye hutegemea mazoea: njia ile ile, sufuria ile ile, sauti ile ile. Vita huvichukua vyote kwa siku moja, na hakuna awezaye kumweleza kwa nini. Shirika la Kijesuiti la Wakimbizi, JRS, limekuwa na vituo vya mchana kambini kwa watoto na watu wenye ulemavu, ambako wamefundishwa kujitunza na mama zao wakapata nafasi ya kupumua. Vituo vya namna hiyo huhudumia watu wa dini zote, kwa hiyo mafundisho ya dini yabaki kazi ya familia na parokia.

Hapo Kakuma ndipo faida ya vitu inaonekana wazi. Katekista anajua Kiswahili, mama anasema Kidinka, jirani anasema Kifaransa cha Bujumbura. Mafundisho ya maneno yangehitaji wakalimani watatu. Mshumaa hauhitaji mkalimani. Na kwa mtu aliyepoteza kila alichokizoea, msalaba, rozari na mpangilio wa Misa huenda vikawa vitu vya kwanza kuvikuta Kakuma vikiwa vile vile alivyoviacha nyumbani.

Kambi hiyo inafundisha jambo lingine pia. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia, ambao nao wana kanisa lao huko, huwapa komunyo hata watoto wachanga mara baada ya kubatizwa. Hawangoji mtoto aelewe. Wakatoliki wa magharibi wana desturi tofauti, na si lazima waiache. Lakini jirani huyo anatukumbusha kuwa Ukristo wa kale haukufunga chakula cha Bwana kwa kufuli la maneno.

MKONO UNAOFUNDISHA UCHUNGWE

Mafunzo ya kushikana mikono yana hatari yake, na si vema kuifumbia macho. Mtu asiyesema hawezi kushtaki.

Mwaka 1964 Jean Vanier alianzisha nchini Ufaransa jumuiya za L'Arche, ambazo watu wenye ulemavu wa akili huishi pamoja na wasio na ulemavu. Jumuiya hizo zilienea hadi Afrika Mashariki, na Vanier akasifiwa karibu kama mtakatifu. Alifariki mwaka 2019. Mwaka 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi: Vanier alikuwa amewadhulumu kingono wanawake kadhaa waliomwendea kwa mwongozo wa kiroho. Waliotajwa hawakuwa watu wenye ulemavu, lakini funzo latuhusu sote. Sifa njema si ulinzi.

Kwa hiyo masharti yawe haya. Somo lifanyike mahali pa wazi. Watu wazima wawili wawepo, mmoja wao akiwa wa familia au aliyeteuliwa nayo. Mguso uwe wa mikono tu, na uishe mwanafunzi anapojiondoa. Mfundishaji anayekasirishwa na masharti hayo asipewe kazi hiyo.

KWA FAMILIA ZA MJINI

Pengine unasoma haya ukiwa Nairobi, Mombasa au Nakuru, na Turkana waiona mbali. Lakini huenda katika nyumba yenu, au ya jirani, kuna mtu anayefungiwa chumbani wageni wanapokuja. Waweza kuanza leo bila kungoja semina.

Chagueni kitu kimoja tu, tuseme rozari. Kila jioni kabla ya sala mumwekee mkononi rozari ile ile, mketi mahali pale pale, mnyamaze kidogo. Msiitumie kumchezesha wakati mwingine. Baada ya majuma, angalieni: je, jioni huitafuta? Je, akiipewa hutulia? Mkiona hivyo, mwendeeni paroko, si kwa kuomba huruma, bali kwa kumkumbusha upole kanuni ya 777 na kumweleza mlichokiona. Mwombeni aje nyumbani ajionee.

Nanyi wanafunzi mlio katika vyama vya vijana parokiani, mnayo nguvu ambayo wazee hawana. Mtu mmoja akijitolea kila Jumapili kuketi na mama mwenye mwana kama huyo, na kumsindikiza mwana huyo kwenye foleni, macho ya watu hayatamwelemea mama peke yake.

Tukumbuke pia kuwa aliye na akili timamu naye hajui yote. Waulize watu kumi waliotoka kukomunika wakueleze fumbo la Ekaristi, uhesabu watakaogugumia. Hakuna aliyewanyima kwa sababu hiyo. Waliaminiwa kwa kuwa walijipanga, wakanyoosha mikono, wakapokea kwa heshima. Huyu naye akijipanga, akanyoosha mkono na kunyamaza, apimwe kwa kipimo hicho hicho.